Ukungu Juu ya Vichwa

Baba Jescah,

Sisi tu wazima. Mtoto ameota meno mawili na ananiumanga kweli. Nakuandikia kwa sababu kwa simu una haraka.

Ile filamu ya kamera niliyoosha ikatoka na ukungu kama maziwa juu ya vichwa vyote vya watu pichani, ulisema niitupe. Sikuitupa. Ndiyo yenye picha pekee ya marehemu mama yako akimbeba Jescah.

Nilijiuliza, mbona vichwa tu? Nikachovya kipande kingine cha filamu kwenye dawa ya kukaza picha, kikawa safi kama kioo. Basi dawa haikuharibika. Nikarudisha rili tupu, kile kigurudumu cha kuzungushia filamu, ndani ya kopo la kuoshea, nikamwaga maji kiasi kile kile cha dawa. Ukingo wa juu ukabaki mkavu. Kumbe nilibania dawa, upande wa vichwa haukulowa.

Jana nikairudia, dawa ikafunika filamu yote. Ukungu ukaisha. Mama yako anacheka, mtoto amemshika pua.

Siku ya mazishi yake watu waliniuliza uko wapi, nikasema kazini. Sitasema hivyo tena. Picha sikutumii kwa simu. Njoo uione hapa Amalemba, halafu twende wote Malava kaburini kwake.

Anayekungoja,
Nekoye