Simu Yako Bado Inaita

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikakaa nikilitazama, maana ndilo lililonifanya nisipokee simu ya mama tangu mvua za kwanza hadi hivi majuzi. Utauliza vinahusiana vipi. Subiri nikueleze taratibu, leo huna shamba la kuwahi.

Asubuhi ile nilikuwa nafunga kamba za viatu niende darasani. Simu ikaita, jina lako, na ile picha yako umeshika mkasi wa kupogolea, uso umeukunja kwa jua. Nikapokea kama siku zote: "Shikamoo, Baba." Sauti ikajibu, "Marahaba." Ilikuwa nzito, nikadhani una mafua. Nikaanza kukutania kwamba mkulima mzima wa zabibu umeshindwa na vumbi la Makutupora. Nikacheka peke yangu. Ndipo yule mtu akasema, "Hamisi, ni mimi baba yako mdogo," na nyuma yake nikasikia wanawake wanalia.

Baba mdogo Ramadhani hana kosa. Mtu akikuamkia unaitikia, mdomo hauombi ruhusa. Lakini tangu siku ile mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nilikuamkia na ukaniitikia. Hayo mengine yote nimesimuliwa.

Ulizikwa mchana huohuo, baada ya adhuhuri. Hakuna ndege ambayo ingeniwahisha. Mdogo wangu Idi ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea, mahali pangu, na mimi ndiye mkubwa. Saa hiyo nilikuwa maabara nimevaa koti jeupe, napima tope la mto wa watu. Nilipima vizuri sana. Mwalimu alinisifu.

Basi ukanifuata huku Hungaria ninakosoma. Nakwambia ukweli, Baba, ulinitisha. Nilikuona kituo cha tramu umenipa mgongo, kofia yako ileile ya kufuma, nikakimbia mpaka nikamshika bega mzee wa watu. Hakujua Kiswahili wala mimi sikujua la kumwambia. Bomba la kupasha joto chumbani linapoanza kufanya kazi hukohoa, kisha hunyamaza, kisha hukohoa mara mbili, kama wewe ukitoka kuswali alfajiri. Minh, Mvietinamu ninayekaa naye chumba kimoja, aliwahi kuniuliza kwa nini nalijibu bomba. Sikujua kama nalijibu. Kijana mwenyewe ana roho nzuri. Ule mlenda mkavu ulionifungia kwenye mfuko wa sukari, uliosema utanizuia kusahau nyumbani, ameumaliza yeye, na anauliza utaletwa lini mwingine.

Hapa hakuna wa kumwamkia. Hilo hukuniambia, na wala usingeweza kulijua. Mwalimu wetu ana mvi kichwa kizima, anataka tumwite kwa jina lake la kwanza, kama mtoto mwenzetu. Siku nyingine natoka asubuhi hadi jioni sijamwonyesha mtu yeyote heshima, na hakuna aliyeidai. Neno lile lilinikaa kooni. Na mahali pekee ambapo ningeweza kulitumia palikuwa kwenye simu, na simu ya mama ilikuwa ndiyo yako.

Ya kwake ilipasuka kioo siku za msiba. Akachukua yako, maana wanunuzi wa zabibu wanaijua namba hiyo, na yeye yuko eda, hatoki nje. Kwa hiyo kila Ijumaa marehemu alinipigia. Jina lako, picha yako, mkasi mkononi. Nilikuwa naiweka simu kitandani kifudifudi na kusimama mbali mpaka inyamaze, kisha namwandikia Idi kwamba nilikuwa darasani, mama asihangaike. Nilikuwa naogopa nini? Kwamba nikisema shikamoo utaitikia. Na zaidi ya hapo, kwamba hutaitikia.

Mama alivumilia, kisha akachoka. Akamtuma Idi: "Muulize kaka yako kama ameshakuwa mzungu atuambie, tumfanyie na yeye arobaini tujue moja." Idi alicheka akinisimulia, lakini alisema mama hakuwa anacheka. Alikuwa anaamini amebaki bila mume na bila mtoto wa kwanza.

Juzi kati nikapita nyuma ya chuo, kwenye mlima wenye shamba la mizabibu. Baba, nilisimama nikashika kichwa. Shamba zima limekauka. Hakuna jani, hakuna chipukizi, ni vijiti vyeusi tu kwenye waya, safu hadi safu. Nikawaza, huyu mwenye shamba amefanyiwa nini? Kwetu tunapogoa, na kabla hujasahau maumivu ya mgongo mzabibu umeshachipua. Ukikaa uchi hivyo, ng'oa, ni kuni. Nikakumbuka ulivyokuwa unanipiga kofi mkononi nikitaka kung'oa haraka: "Kwangua kwanza." Nikavua glavu, nikakwangua mzabibu mmoja kwa ukucha. Ndani kijani. Nikakwangua wa pili, kijani. Nikapiga picha ule mkwaruzo nikakutumia, bila kufikiri, kama nilivyozoea kukutumia kila kitu cha ajabu cha huku. Nikaandika: "Baba, tazama."

Tiki mbili zikawa za bluu. Umesoma.

Nilibaki nimeshika waya wa shamba la watu, nazitazama. Kisha simu ikaita, jina lako.

Nikapokea. Upande wa pili kimya. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama. Mama tu, hakuna mwingine. Hapo ndipo ulipokufa, Baba. Kwa wenzangu ulikufa zamani, kwangu ulikufa siku hiyo, kwenye shamba la mizabibu, theluji inaanza kudondoka.

Mama hakunigombeza. Aliuliza, "Hiyo mizabibu imekufa yote?" Nikamwambia hapana, baridi ikija hulala mpaka ipite, ndivyo ilivyo huku. Akafikiri kidogo. Akasema, "Baba yako angewapelekea mkasi wakaiamshe." Tukacheka. Kisha tukalia, yeye kwanza.

Nikimaliza masomo nitarudi, na kabla sijala chochote Idi atanileta ulipo, anionyeshe kichwa chako kimelala upande gani. Nitakutolea salamu kama wanavyosalimiwa watu wa makaburini, na sitangoja jibu. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe kauli thabiti. Kwaheri, Baba.

Idi ananiambia nifute jina lako kwenye simu, niandike la mama, ni jambo la dakika moja. Nimekataa. Kila likitokea moyo wangu bado unaruka, na nadhani utaruka mpaka nizeeke. Lakini nakuahidi, jina lako likiita, nitapokea.

Mwanao,
Hamisi