Nilipokwambia Nenda Tu

Khuwair ya Kusini, Muscat
Jumanne, baada ya alasiri

Mdogo wangu Rahila,

Assalaamu alaykum. Barua hii ikukute u mzima, na baridi ya London isiwe imekuingia kifuani. Sie huku hatujambo. Mguu wa Mama unampa nafuu asubuhi, mchana unarudi kumsumbua. Paka wako kanenepa, kila mtu anamlisha kwa kumwonea huruma. Joto limefika pale ambapo usukani wa gari haushikiki bila kitambaa.

Utashangaa kuona nnakuandikia kwa mkono, kisha napiga picha karatasi nikutumie, na simu ninayo. Mama ndiye aliyenikataza nisikupigie, na sababu yake utaiona mbele.

Unakumbuka tulivyokwenda Hamriya kununua mabegi ya mgongoni, lako la kijani, langu jeusi, muuzaji akatuuliza kama tunakwenda jeshini? Miaka miwili tulikuwa tukiipanga safari hii ya London. Tulishachagua mpaka hosteli, chumba cha wanawake wanane, tukagombania nani alale kitanda cha juu. Kisha wiki moja kabla ya kuondoka, mkuu wangu ofisini akafuta likizo yangu. Nikaja nyumbani nikakwambia nenda tu, usipoteze tiketi. Nawe ukaenda.

Rahila, sie tumelelewa nyumba moja. Mgeni akikaribishwa chakula husema nimeshiba, na mwenyeji humshika mkono akamkalisha. Mtu akisema nenda tu, huambiwa siendi bila yako, tutangoja mwakani. Hapo ndipo naye husema la, wallahi nenda, na mara hiyo ya pili ndiyo anayosema kweli. Mie nilisema mara ya kwanza tu. Weye ukaniuliza kama unaweza kuchukua na kufuli langu la kabati la hosteli, maana lako lilikuwa gumu kufunga.

Nikakupa. Nikakufukizia nguo zako udi, nikakupeleka uwanja wa ndege, nikakupungia mkono mpaka ukapotea, kisha nikakaa ndani ya gari nikalia kwa hasira.

Halafu zikaanza picha. Weye juu ya daraja, nywele za mbele zimelowa mvua. Weye kwenye ngazi za makumbusho unakula mkate na yule msichana wa Korea na yule wa Brazil. Weye juu ya kitanda cha juu, miguu inaning'inia, na kufuli langu limening'inia kwenye kabati nyuma yako. Nilikuwa nazitazama kwenye maegesho ya wizara kabla sijapanda kazini. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, nao haukuwa wa mzaha. Ulinikaa tumboni kama njaa. Kila ulipoandika "Dada, laiti ungekuwepo," nilisoma kama unanicheka.

Siku ya tatu akakutokea Shangazi Nasriya. Nilijifanya kushangaa uliponieleza alivyoingia hosteli na buibui lake na bakuli la biriani, akawasalimia wazungu wote mapokezini, akapanda mpaka chumbani akalishusha begi lako kwa mkono wake. Tulikubaliana asijue kama uko London. Sote twajua, dada wa marehemu Baba ana nyumba mji ule miaka thelathini. Mtoto wa kaka yake kulala hosteli na watu asiowajua, kwake ni aibu ya kusimuliwa mpaka kiyama. Tangu hapo umelala kwake huko mwisho wa reli, umenyweshwa chai na kuonyeshwa kwa nusu ya Wazanzibari wa London. Mjini hukurudi.

Ukaniandikia kwamba hujui nani kamwambia. Nikakujibu walimwengu hawana dogo.

Ni mie, Rahila. Nilimpigia mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, kutoka ofisini. Na kwa kuwa nilijua ungembembeleza akakuachia, nikamwambia Mama ndiye aliyenituma, kwamba hapati usingizi na anamwomba wifi yake akutoe pale. Mama hakuwa na habari. Shangazi aliporudi kwake akanipigia kunishukuru, akaniambia ulilia ukitandua shuka za kile kitanda. Siku ile nilirudi nyumbani nikala wali, nikaongeza.

Jana Mama alikuwa anakucheka, anasema mwanangu kashindwa na baridi mwenyewe, kakimbilia kwa shangazi yake. Sikuweza kumwacha akucheke. Nikamweleza yote. Aliiweka chai yake chini, akasema nikuandikie wala nisikupigie, kwa sababu ukinisikia nalia utanionea huruma kabla hujaujua ubaya wangu.

Kisha akampigia Shangazi mbele yangu. Akamwambia akurudishe hosteli Jumatano, uzimalize siku zako nne, na kwamba aibu hiyo ataibeba yeye. Shangazi akajibu hana neno, ila anastaajabu jambo moja. Kumbe siku ile ile aliyokuchukua, garini, alikwambia ni mie, Bakhita, niliyempigia. Nawe ukamwomba asije akamtajia Mama, nisije nikafokewa.

Siku nane ulikuwa unajua. Na picha hukuacha kunitumia. Hata ile ya dirisha la jiko la Shangazi, ukaandika hii mvua ya huku, Dada, umewekewa. Na lile swali la nani kamwambia, nimelifahamu sasa. Ulikuwa unanifungulia mlango niseme mwenyewe, mie nikakutupia walimwengu.

Mama anakusalimu sana, anasema ujifunike kifua. Majirani wanakuulizia. Msalimie Shangazi, umwambie mkono wake nitaubusu nikijaaliwa kumwona. Begi langu jeusi nimelishusha juu ya kabati, lilikuwa limejaa mablanketi ya Mama. Sikwambii mwakani twende sote, sina uso huo. Nimelipangusa vumbi tu.

Usinijibu haraka. Kesho rudi, panda kitanda cha juu, ulale. Nenda, wallahi, nenda.

Dada yako,
Bakhita