Gari Lililokohoa

Jumamosi, 5 Julai

Nimetengeneza friji tatu leo. Moja ya bucha, mbili za watu wanaozijaza mpaka hewa haipiti, kisha wananilaumu mimi. Ya bucha nimeipeleka kwa mkokoteni. Nimesukuma pamoja na mwenye mkokoteni, na bado nikamlipa. Miaka kumi na minane ya kazi hii, yote nimejifunza kwa kuvunja vitu vya watu. Lazima ninunue gari.

Jioni kwa Bi Zuhura, kubadilisha mpira wa mlango wa friji. Mumewe, Mzee Sefu, alifariki Machi. Bi yuko eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Twaongea yeye nyuma ya pazia la chumbani, mimi ukumbini na bisibisi yangu. Akaniuliza kama namjua mtu anayetaka gari. Lile jeupe la marehemu, liko nje chini ya dirisha lake. Laki nne.

Nikasema nitamtafutia mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Jumatatu, 7 Julai

Nimelikagua. Viti vya nyuma vikikunjwa, friji inaingia. Nimetafuta kutu kwa tochi, sikuipata. Mzee Sefu alikuwa akilifuta kila siku baada ya swala ya alfajiri, kisha analiwasha, analiacha liungurume kidogo, basi. Laki nne ni bei ya haki. Tangu Disemba nazunguka yadi za magari, najua.

Na pesa ninazo. Laki nne kamili. Ningesema "nimekubali" na mambo yangekwisha. Lakini mtu akinunua bila kupunguziwa hulala akijiona mjinga.

Nikamwambia Bi nitaleta fundi.

"Lete, mwanangu. Mimi siwezi kutoka kulitazama. Wewe ndiwe macho yangu."

Hilo neno sikulipenda.

Jumatano, 9 Julai

Mwero amekuja kutoka gereji yake ya Changamwe. Akafungua boneti, akachomoa waya mmoja wa plagi. Nilimwomba mimi. Naandika hapa nisije baadaye nikajidanganya kuwa wazo lilikuwa lake.

Gari likawaka. Likatetemeka, likakohoa kama mvuta sigara wa miaka. Juu yetu pazia la dirisha la Bi likacheza.

"Mbona lalia hivyo?"

"Injini imechoka, Bi," Mwero akasema. "Hii ni ya kufungua yote."

"Wallahi halikuwa likilia hivi. Kila alfajiri nilikuwa nikilisikia."

"Limekaa miezi mitatu bila kuwashwa," nikaongeza. Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana uongo ukashika.

Nikataja laki mbili na nusu. Nikajifanya nakuna kichwa, nikapanda mpaka laki tatu.

"Kama ndivyo lilivyo, sina la kusema. Nimekuuzia, na radhi zangu juu."

Mwero nimempa elfu kumi. Kwenye kona akacheka mpaka akashika ukuta. "Kazungu, umenunua gari au umeliokota?"

Nami nilicheka. Hilo pia naliandika.

Alhamisi, 10 Julai

Gari liko kwangu. Kurudisha waya, sekunde tano. Linaunguruma taratibu, kama friji mpya.

Mke wangu Dama amelizunguka mara mbili. Akauliza lina ubaya gani. Nikasema halina. Akaacha kulitazama gari, akanitazama mimi.

Tasbihi ya Mzee Sefu bado inaning'inia kwenye kioo cha ndani. Nilinyoosha mkono kuitoa. Nikaurudisha.

Jumapili, 13 Julai

Kutoka kwangu hadi barabara kuu njia ya magari ni moja, na inapita chini ya dirisha la Bi. Nilisahau. Akilisikia gari, atajua. Nikazima injini kwenye kona, nikashuka, nikalisukuma mpaka nikavuka nyumba yake. Fundi cherehani wa pale akaniita:

"Limekufa tayari?"

"Ndiyo."

"Pole. Ndiyo magari ya marehemu."

Gari lisilo na ubaya wowote, nalisukuma mwenyewe. Mkokoteni ulikuwa mwepesi zaidi. Na sikuwa peke yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelisukuma kila siku. Kwenda na kurudi. Mgongo. Watu wameanza kunisaidia bila kuombwa, na hiyo ndiyo mbaya kuliko yote. Leo mzee mmoja aliyetoka msikitini, na kanzu yake nyeupe, alisukuma upande wa kushoto.

Nikienda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kwa kazi, tasbihi inagonga kioo kila shimo. Mashimo ya njia ile ni mengi.

Jumanne, 22 Julai

Nilikuwa nimebeba friji ya hoteli. Gari na friji havisukumiki. Nikajiambia nitapita haraka.

"Kazungu!"

Nikasimama. Injini ikiunguruma chini ya dirisha.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Subhanallah! Ndivyo lilivyokuwa likilia! Umelitibu?"

Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilitoa sauti fulani ya kooni.

Akaniombea dua. Ndefu. Mimi, watoto wangu, mikono yangu. Nilisimama nimeinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa. Kisha akanieleza kwamba Mzee Sefu alikufa hajahiji. Ile laki nne hakuitoa kichwani: ndiyo aliyoambiwa, ya kumlipa mtu wa kwenda kumhijia marehemu. Kwa laki tatu itabidi angoje.

"Mungu akinipa umri," akasema.

Hoteli walinilipa vizuri. Pesa nilizitia mfukoni bila kuhesabu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeenda kwa Bi baada ya swala. Laki moja ndani ya bahasha. Elfu kumi aliyokula Mwero nimeijazia kutoka pesa za hoteli. Nilikuwa nimepanga maneno. Sikuyatumia. Nikasema gari lilikuwa zima, tulichomoa waya, wazo lilikuwa langu. Nikapitisha bahasha chini ya pazia.

Nikasikia friji yake ikizima yenyewe, vizuri, kama nilivyoitengeneza.

"Wajua nilifikiri nini?" akasema. "Nilifikiri Mzee aliniachia gari bovu naye akijua. Kwamba alikuwa akiliwasha kila alfajiri kunihadaa. Wiki mbili nzima, Kazungu, nimemkasirikia maiti."

Bahasha ikavutwa upande wake wa pazia.

"Pesa nimezipokea. Hizo wiki mbili utanirudishiaje?"

Nilikuja na deni moja, nimetoka na jingine. Hakusema amenisamehe. Nilisubiri kidogo mlangoni, kama mjinga, labda angeniita. Hakuniita.

Alhamisi, 7 Agosti

Eda imekwisha. Bi Zuhura ametuma mtu: nimpeleke kwa dadake, Likoni.

Nilifika mapema. Nililipitisha gari mbele ya watu wote likiunguruma. Fundi cherehani alinyanyua macho, akayarudisha kwenye kitambaa.

Bi akatoka. Mfupi kuliko nilivyodhani. Aligusa boneti kwa kiganja, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Aliiona tasbihi. Akakaa nyuma.

"Mpaka Likoni ngapi?"

"Bure, Bi."

"Bure sitaki. Taja bei."

"Elfu moja mia tano."

Akasikiliza injini. Ilikuwa inasikika kwa shida, ilivyotulia.

"Elfu moja. Gari lako lakohoa."

"Sawa, Bi. Elfu moja."

Redio sikufungua. Kwenye feri alitazama maji. Tulipofika kwa dadake nikashika ufunguo nizime.

"Liache kidogo," akasema.

Nikaliacha.