Daktari Juu ya Meza

Shoga, sikia haya! Nimempeleka nyoka wangu mjamzito, wa wale wanaozaa bila kutaga mayai, kwa daktari wa mifugo. Kifua kimembana, anakoroma, puani mapovu. Nilijua nawapoteza wote, mama na watoto.

Kufungua kikapu tu, daktari kapanda juu ya meza. JUU YA MEZA, shoga, na koti lake jeupe!

Kaninyooshea sindano toka huko juu: "Dada, mchome wewe! Dawa hiyo haidhuru mimba!"

Mimi huyu, ninayeona haya hata kuomba chumvi, nikamfokea: "Daktari, shuka umshike!"

Kashuka. Kamshika tumboni, macho kafumba, anambembeleza: "Pole mama, pumua mama."

Nikachoma. Nikamwambia, haya, mwachie.

Kakataa! "Ngoja kwanza, dada. Mtoto kacheza."