Kasha la Mfenesi

Tabia, mgongo hauna hali. Nimelihamisha kasha la bibi, kisha kanisimulia posa yake ya 1967. Siamini!

Babu Borafya, seremala wa Malindi, kaahidi kasha la mjozi, mbao ya hudhurungi inayokuja kwa meli. Meli haikuleta. Kachonga la mfenesi, manjano kama embe, kalipaka kahawa lifanane na mjozi.

KAHAWA, Tabia!

Mamake bibi kalipangusa kwa kitambaa cha maji. Rangi yote kitambaani. "Borafya, hili kasha au birika?"

"Mama, mfenesi hukolea wenyewe, ila kwa miaka."

"Basi harusi ingoje likolee."

Kila Ijumaa babu akaenda kulitazama kama mgonjwa, mpaka likaanza kugeuka, akaozeshwa.

Leo hudhurungi tupu. Bibi kalipapasa: "Kasha limekolea. Babu yako kafa mbichi."