Mkono wa Redio Kwenye Kiungio cha Trela

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi
Shahidi: Mama Pacha (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi wa kuchomelea, kikosi cha ukarabati wa reli
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana

Nimeonywa niseme kweli, na ninasema kwa hiari yangu. Kwanza ijulikane kwamba msimamizi wa kikosi chetu ni kaka yangu, mama mmoja baba mmoja. Ndiye aliyeniingiza kazini.

Mnamo tarehe tisa mwezi huu, majira ya saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye mteremko wa reli karibu na ghala la mbao. Gari la kuvuta lilikuwa upande wa juu. Nyuma yake, upande wa chini, kulikuwa na trela lililojaa vyuma vya reli. Tulitakiwa kuliacha hapo ili gari likavute jingine. Anayefunga na kufungua trela ni mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu haongei.

Kazi hiyo ina utaratibu na sote tunaujua. Gari likisimama, trela linafungwa breki ya mkono, na magurudumu yake yanawekewa kabari. Pini ya kiungio ikiwa imebana, dereva anarudi nyuma kidogo kuilegeza, na hapo mtu yeyote anakaa pembeni. Gari likishazimwa ndipo mtu anaingia katikati kuchomoa pini.

Siku hiyo kabari zilikuwa kwenye gari la vifaa, kule barabarani. Redio akaomba zifuatwe. Kaka akamjibu, "Leo umepata mdomo? Mkubwa yuko njiani anakuja kukagua. Unataka nimwage unga? Ingia uchomoe."

Redio akakaza breki ya mkono, akaingia. Akavuta pini, ikakataa. "Imebana, bosi," akasema. Kaka alikuwa amesimama mahali dereva anapomwona. Akampungia dereva mkono arudishe gari nyuma. Redio alikuwa bado katikati. Nilipiga kelele, "Ngoja!" lakini injini ilikuwa inanguruma. Mkono wa kulia wa Redio ukabanwa kati ya chuma cha trela na bamba la gari.

Dereva alisogeza gari mbele, Redio akaangukia kwenye kokoto. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga. Nikamwambia kaka, "Lete lile gari la vifaa tumkimbize hospitali." Akaondoka mbio. Nilimshukuru Mungu kwamba ana moyo.

Alirudi amebeba kabari.

Alizipachika chini ya magurudumu, moja baada ya nyingine, akazigonga kwa kiatu zikae sawa. Kisha akachuchumaa, akamvisha Redio glavu kwenye mkono wa kushoto. Redio akaitazama ile glavu, akasema, "Bosi, huu hauumi." Kaka akajitia hakusikia. Akatoa simu, akaanza kupiga picha. Mimi nilikuwa nimekishikilia kile kitambaa, damu inapita kati ya vidole vyangu, naye ananiambia, "Sogea kidogo, unaweka kivuli."

Afande, nimewahi kuchomelea mabomba ya vyoo vya mabehewa, tena yakiwa hayajasafishwa. Sijawahi kushikwa na kichefuchefu kama kile.

Ni dereva aliyelifuata gari. Hospitali, daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Kaka akasema, "Njia mbaya, daktari." Njia ile ina lami mpaka mlangoni. Mchana huo Redio alikatwa mkono, juu ya kifundo.

Mke wake alipofika, kaka alimshika bega. "Pole sana, shemeji. Mumeo hakufuata utaratibu. Kabari ziliwekwa, glavu alipewa, lakini akakurupuka. Picha ninazo." Yule dada alimwambia asante. Nilitoka nje nikatema mate, maana ningebaki ningemtemea kaka usoni.

Jana mama alinipigia simu. "Mwanangu, utamfunga kaka yako kwa ajili ya mtu baki?" Nikamwambia, "Mama, kama ungemwona alivyokuwa anachagua upande wa kupigia picha, usingeniuliza." Akakata simu. Leo asubuhi hajapokea yangu.

Dereva anaogopa kuja, lakini ameniambia akiitwa hatakana. Ile simu ya kaka ichukuliwe. Kwenye zile picha itaonekana damu imemwagika kwenye kokoto, lakini kabari zilizo juu yake ni safi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni sahihi. Alisita kutoka chumbani. Nilipomuuliza sababu, alisema kaka yake yuko nje na gari, amekuja kumchukua ampeleke nyumbani. Shahidi ametolewa kwa mlango wa nyuma. Msimamizi ameambiwa aingie, na simu yake.