Nguzo Fupi ya Shemeji

Mshauri mpendwa, niokoe kabla nyumba haijanishinda. Mimi ni mtu mzima, kipara kimeshafika nusu ya safari, na ni msimamizi wa karakana ya kushona sare za shule, tuna vyumba viwili, cha chini na cha juu, na cha juu kinaongozwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi ambaye hata suruali zangu hunishonea yeye. Sasa bosi akaniagiza chati ya kompyuta ya kuonyesha kila chumba kimeshona mashati mangapi muhula huu, nikasema hakuna shida, ingawa shida ilikuwepo, nikaingiza namba, chini 960, juu 940, nikabonyeza, zikatokea nguzo mbili zimelingana kama mapacha, nikaona chati gani hii isiyo na ladha, bosi atadhani sikufanya kazi, basi nikaanza kuipamba, nikaweka vivuli, nikaweka kijani kwa chumba cha chini na nyekundu kwa cha juu, nikagusa zile namba za pembeni kushoto nikaandika zianzie 930, maana huko chini niliona ni nafasi ya bure tu, na kweli chati ikachangamka, nikajipongeza kwa chai.

Bosi alipoiona akavua miwani. "Kumbe huko juu wamelala! Jumatatu nakifunga chumba hicho, mafundi wake watafute pengine." Nikamwambia, "Lakini bosi, namba zimepishana kidogo tu." Akanijibu, "Namba za nini, na macho ninayo?" Nimerudi kuangalia, namba ni zilezile, sijadanganya hata shati moja, sasa picha imeyatoa wapi maneno hayo? Mke wangu ameacha kuniita baba watoto, ananiita Bwana Mchoraji, na shemeji kaniuliza kwa upole, "Shemeji, nilikukosea nini?" Nimekosea mimi, au kompyuta?

Msimamizi Aliyechanganyikiwa

Bwana Msimamizi,

Kompyuta iache, haina shemeji. Pole kwa yanayokupata nyumbani, lakini umeyatafuta.

Hiyo uliyoita nafasi ya bure ndiyo mashati yenyewe! Ulipoanzia 930, ulikata mashati 930 ya kila chumba ukayatupa, ukabakiza ncha: thelathini kwa kumi. Bosi akaona chumba kimoja kinakizidi kingine mara tatu. Ni kama kuwapiga watu wawili picha kuanzia kwenye nyusi kwenda juu, kisha ukatangaza kwamba mmoja ni kibeti.

Fungua chati. Bonyeza mara mbili zile namba za kushoto, na pale panapoulizwa zianzie wapi, futa 930, andika sifuri. Vivuli ondoa. Juu ya kila nguzo weka namba yake. Zitarudi kuwa mapacha; ziache hivyohivyo, hiyo ndiyo habari uliyoagizwa.

Chapisha zote mbili, ya zamani na mpya, umpelekee bosi leo. Usimwambie kulitokea hitilafu. Sema, "Bosi, niliikata mimi, nikitaka ipendeze." Atafoka. Mwache afoke, nywele zenyewe huna za kupoteza. Ukitoka hapo, panda ngazi ukalijibu swali la shemeji yako mbele ya mafundi wake wote, maana kazi ilikuwa inawaponyoka na wao.

Na kabla hujachapisha, vyumba vyote viwili vipake kijani. Nani alikutuma umpe shemeji yako rangi ya hatari?